Tasnifu Kwanza au Viza Kwanza?

Kila mwaka barua za udahili zinapotoka, wahadhiri wasaidizi, wahandisi na wataalamu wa maabara hunijia na swali lilelile. Wana shahada ya umahiri, wana umri wa miaka 28 au 30, na moyoni wameshaamua kwamba watafanya kazi nje ya nchi: Canada, Australia, Ujerumani, Uingereza, pengine Ghuba. Wanachotaka kujua ni kama wamalize kwanza uzamivu hapa nyumbani, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Makerere, ndipo waondoke. Wengi wanaamini kwamba mwenye cheti kikubwa hupokelewa upesi.

Jibu langu huwa haliwafurahishi. Kwa anayetaka kuhama tu, uzamivu wa nyumbani ni njia ndefu inayomla umri, na umri ndio nchi zinazopokea wahamiaji huuthamini kuliko hicho cheti. Kwa anayetaka kuwa mtafiti, uzamivu hauepukiki, lakini mara nyingi uzamivu wenyewe unaweza kuwa ndiyo safari. Watu hawa wawili huja ofisini na maneno yaleyale, na wengi wao hawajajiuliza wao ni yupi kati ya hao.

Tuanze na Canada, maana ndiko wengi wanakotazama na hesabu zake ziko hadharani. Tangu Januari 2015 nchi hiyo huwapanga waombaji wa ukaazi wa kudumu kupitia mfumo wa Express Entry, ambamo kila mtu hupewa alama kwa umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi. Kwa mwombaji asiye na mwenzi, shahada ya kwanza ina alama 120, umahiri 135, uzamivu 150. Maana yake ni kwamba miaka yote ya kukusanya data, kuandika sura na kusubiri maoni ya msimamizi inamwongezea mtu alama 15 tu juu ya zile alizonazo leo. Sasa angalia upande wa umri. Mwenye miaka 20 hadi 29 ana alama 110. Akifika 30 zinakuwa 105, akifika 34 zimebaki 83, akifika 35 ni 77. Akitimiza 40 ana 50, na kuanzia 45 hapati hata moja.

Mchukue kijana wa miaka 29 mwenye umahiri, uzoefu wa miaka mitatu kazini na Kiingereza cha daraja la 9 kwa vipimo vyao. Ukijumlisha umri, elimu, lugha, na zile alama za nyongeza anazopewa mtu ambaye elimu na uzoefu wake vinaambatana na lugha nzuri, ana 469. Abaki nyumbani miaka mitano, amalize uzamivu, aombe tena akiwa na miaka 34: ana 457. Amesoma, amekesha, ametetea tasnifu mbele ya watahini, na ameshuka alama 12. Na hiyo miaka mitano ni ya aliyebahatika. Miongozo ya vyuo vyetu huandika miaka mitatu, lakini mwenye vipindi vya kufundisha, msimamizi aliyelemewa na wanafunzi, na ada inayotoka kwenye mshahara wake mwenyewe, hamalizi kwa mitatu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alama nyingi ziko karibu naye, naye hazioni. Daraja la 8 la Kiingereza katika mtihani wa IELTS ni 7.5 kwa kusikiliza na 6.5 kwa kusoma, kuandika na kuzungumza. Daraja la 9 ni 8 kwa kusikiliza na 7 kwa hayo mengine. Tofauti ni nusu alama kwa kila stadi. Lakini kwa kijana wetu yule, nusu hizo nne zinaleta alama 32 za lugha yenyewe, na nyingine 50 kwa kuwa nyongeza za elimu na za uzoefu huongezeka maradufu mtu anapovuka daraja hilo. Jumla ni 82. Miezi michache ya kujifunza kuandika insha ya mtihani kwa nidhamu inampa zaidi ya mara tano ya alama anazopewa na uzamivu. Ninawajua watu wenye akili nyingi waliofanya mtihani huo mara moja, wakaridhika na 6.5 ya kuandika, kisha wakajisajili uzamivu ili kuziba pengo.

Kisha kuna Kifaransa. Canada humpa alama 50 za ziada mwenye kiwango cha 7 cha Kifaransa katika stadi zote nne pamoja na Kiingereza cha wastani, na tangu 2023 huendesha raundi za pekee kwa wanaojua lugha hiyo. Machi 2025 raundi moja ya namna hiyo ilikubali hadi alama 379, wakati ambapo wasio na Kifaransa walikuwa wakiachwa wakiwa na zaidi ya 450. Mswahili wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura aliyesomeshwa kwa Kifaransa tangu utotoni ana mkononi kitu kinachozidi uzamivu kwa mbali, na mara nyingi hajui. Hata mtu wa Dodoma au Kisumu anayeanza na salamu za kwanza, nadhani atafika kiwango hicho mapema kuliko atakavyofika ukumbi wa kutetea tasnifu.

Sisemi kwamba 469 zinatosha. Siku hizi Canada huchagua zaidi kwa makundi: afya, elimu, mafundi, Kifaransa, na waliokwisha kufanya kazi ndani ya Canada yenyewe. Hapo tena uzamivu haukuweki kwenye kundi lolote kati ya hayo. Muuguzi aliye na shahada ya kwanza na fundi umeme mwenye uzoefu wako karibu zaidi na mwaliko kuliko daktari wa falsafa wa uchumi.

Australia inafundisha jambo hilohilo kwa namba ndogo zaidi. Uzamivu una alama 20, shahada ya kwanza na umahiri 15. Mwenye miaka 25 hadi 32 ana alama 30 za umri, na akitimiza 33 anabaki na 25. Aliyeanza uzamivu akiwa na miaka 29 na kumaliza akiwa na 34 amepata tano na kupoteza tano. Afrika Kusini, katika mfumo wa alama uliotangazwa Oktoba 2024, umahiri na uzamivu vyote vina alama 50. Nchi tatu tofauti, na hakuna hata moja inayomlipa mtu miaka yake.

Upo pia mtego wa wakati wenyewe. Anayejisajili leo anapanga kuhama baada ya miaka mitano kwa kutumia kanuni za leo, na kanuni hizo hazikai. Tarehe 25 Machi 2025 Canada iliziondoa alama za ofa ya kazi, ambazo zilikuwa 50 na kwa nyadhifa za juu 200. Waliokuwa wamezitegemea waliamka wakiwa hawanazo. Julai mwaka huohuo Uingereza ilifunga uajiri wa wahudumu wa kulea wazee kutoka nje na kupandisha kiwango cha kazi zinazostahili viza. Septemba, Marekani ikatangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya kazi ya H-1B ya walio nje ya nchi. Ujerumani nayo ikaenda upande mwingine: Juni 2024 ilianzisha kadi ya fursa inayomruhusu mtaalamu kuingia na kutafuta kazi akiwa huko, na Septemba 2024 ikatia saini makubaliano ya ajira na Kenya. Yote hayo yametokea ndani ya muda wa tasnifu moja. Mwenye umri na vyeti vyake tayari huweza kuingia mlango ukiwa wazi. Aliyebakiza sura mbili za tasnifu hana uhuru huo.

Tuache serikali, twende kwa mwajiri. Wengi wanadhani kampuni ya Toronto au Stuttgart italisoma neno Dk. mbele ya jina na kuongeza mshahara. Katika utafiti wa viwandani, dawa, takwimu na akili unde, ndiyo, zipo nafasi zisizojazwa bila uzamivu. Nje ya hapo mwajiri huuliza umefanya nini, kwa zana gani, na nani ndani ya nchi hii anaweza kukusemea. Mwaka 2012 idara ya uhamiaji ya Canada ilichapisha uchambuzi wa madereva wa teksi kwa kutumia sensa ya 2006: miongoni mwao walikuwapo 255 wenye uzamivu au shahada ya udaktari wa tiba, na 200 kati yao walikuwa wahamiaji. Idadi ni ndogo ukilinganisha na madereva wote, na hakuna aibu katika kazi ya halali. Lakini kila mmoja wa hao 200 alikuwa na cheti cha juu kabisa, na cheti hicho hakikumpa leseni wala mtu wa kumsemea.

Leseni ndiyo inayosahaulika zaidi. Muuguzi anayekwenda Ujerumani anahitaji kutambuliwa kwa taaluma yake na Kijerumani cha kutosha wodini. Daktari anayekwenda Marekani anahitaji mitihani ya leseni ya USMLE na nafasi ya mafunzo hospitalini. Mhandisi anayetaka kusaini michoro Canada anahitaji usajili wa jimbo. Hakuna uzamivu unaochukua nafasi ya lolote kati ya hayo. Mhandisi aliyetumia miaka mitano Dar es Salaam akifanya utafiti wa zege atakapofika Alberta ataombwa ushahidi wa miaka ya kazi ya uhandisi, na aliyebaki kwenye ujenzi wa barabara na madaraja atakuwa nao zaidi yake.

Hadi hapa nimezungumza na anayetaka kuhama. Sasa nizungumze na yule mwingine, ambaye swali la utafiti halimpi usingizi, anayesoma makala za wenzake usiku bila kuambiwa. Huyu asiache uzamivu. Ajiulize tu ataufanyia wapi na nani atamlipa.

Katika nchi kadhaa za Ulaya mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa. Uholanzi humpa mkataba wa miaka minne kwa mshahara unaoanzia zaidi ya euro 2,900 kwa mwezi kabla ya kodi. Uswidi na Norway hufanya vivyo hivyo, na hakuna ada. Ujerumani, nafasi nyingi hutangazwa kama ajira ya utumishi wa umma ya ngazi ya E13, mara nyingi nusu au theluthi mbili ya muda wa kazi, pamoja na bima ya afya na michango ya pensheni. Marekani, vyuo vya utafiti humchukua hata mwenye shahada ya kwanza, humfutia ada na kumlipa posho kwa kufundisha au kusaidia maabara. Mtu wa namna hiyo hasomi kwanza ndipo ahame. Amehama siku ile mkataba ulipoanza, na miaka ya tasnifu inampa lugha, marejeo, uzoefu wa ndani na haki za ukaazi kwa pamoja.

Hata mifumo ile ya alama niliyoikosoa humtazama kwa jicho jingine. Aliyesomea Canada kwa miaka mitatu au zaidi huongezewa 30 juu ya zile 150. Australia humwongezea 5 kwa kusomea kwao, na 10 nyingine kama ni uzamivu wa sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati. Uingereza humpa mhitimu wa uzamivu miaka mitatu ya kubaki na kutafuta kazi. Marekani ina viza 20,000 za H-1B zilizotengwa kwa wenye umahiri au zaidi, lakini ni kwa waliosoma katika vyuo vya Marekani. Uzamivu wa Nairobi hauingii humo.

Wenye familia wanapaswa kulijua hili la Uingereza: tangu Januari 2024 mwanafunzi wa umahiri wa kawaida haruhusiwi kuja na mwenzi wala watoto, isipokuwa amefadhiliwa na serikali. Mwanafunzi wa uzamivu anaruhusiwa. Nimeona ndoa zilizodhoofika kwa sababu mtu alidhani mwaka mmoja wa umahiri London ungekuwa mwepesi kuliko miaka minne ya uzamivu pamoja na mkewe na mwanawe.

Hapa lazima nizungumze juu ya wanawake, kwa sababu mashauri mengi yanayotolewa vyuoni yanawapita. Mwanamke wa miaka 30 anaambiwa na wakubwa wa idara asubiri kuzaa hadi amalize, na nyumbani anaambiwa asubiri kusoma hadi azae. Katika uzamivu wa kujilipia wa nyumbani, akijifungua hana malipo kama mwanafunzi, ada inaendelea kudaiwa, na akiomba kuahirisha anatazamwa kama ameshindwa. Katika nchi ambako mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa, likizo ya uzazi yenye malipo ni haki yake kama ya mfanyakazi yeyote. Ninamshauri kila binti anayekuja kwangu aiweke haki hiyo juu ya sifa ya chuo anapolinganisha nafasi. Chuo maarufu kisichomlipa atakapojifungua kitamchelewesha kuliko chuo cha kawaida kinachomlipa.

Nafasi hizo ni za ushindani, na hazipatikani kwa kutuma maombi mengi kwa pupa. Zinapatikana kwa kumwandikia mtafiti mmoja baada ya kusoma makala zake kwa makini, ukimweleza una data gani au ujuzi gani anaouhitaji. Msimamizi wako wa umahiri mwenye rafiki mmoja Uppsala au Wageningen anaweza kukufaa kuliko jina la chuo chako. Barua ya marejeo isemayo mwanafunzi huyu ni mwenye bidii na nidhamu haisaidii kitu. Mwombe aandike ulichopima, kosa gani uliligundua kwenye data, na ulilirekebishaje.

Sasa jambo ambalo watu hulizungumza kwa sauti ya chini: ahadi ya kurudi. Ufadhili mwingi unaomfikia Mwafrika Mashariki umejengwa juu ya ahadi hiyo. Ufadhili wa Fulbright wa Marekani huja na viza ya J-1, na aliyefadhiliwa nayo hutakiwa kurudi kwao na kukaa jumla ya miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu Marekani au viza ya H-1B. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao humtaka mhusika arudi nyumbani akimaliza. Tanzania, mradi wa elimu ya juu wa HEET unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 umewapeleka wahadhiri wa vyuo vya umma kusomea uzamivu, na deni hilo litalipwa na Watanzania wote. Mwajiri naye anayetoa likizo ya masomo yenye mshahara humsainisha mtu mkataba wa kurudi na kutumikia miaka kadhaa.

Wapo wanaosema: chukua ufadhili, baadaye utajua. Nalipinga hilo kwa moyo wote. Idara inayompeleka mhadhiri mmoja masomoni humgawia mwenzake vipindi vyake, na mwenzake huyo huahirisha uzamivu wake mwenyewe akingoja zamu yake. Aliyeondoka asiporudi, zamu ile haiji. Nimeona idara ambamo kozi nzima ilifundishwa kwa miaka na mwalimu asiye na utaalamu wake kwa sababu aliyesomeshwa kwa ajili yake hakurudi. Haki ya mtu kuhama naiheshimu, na simlaumu anayemtafutia mwanawe maisha. Lakini kama umeshaamua kwamba hutarudi, tafuta nafasi isiyo na sharti la kurudi, kama zile za ajira za Uholanzi au Uswidi, na uache kiti cha ufadhili kwa atakayerudi. Vilevile deni la Bodi ya Mikopo ya Tanzania halibaki uwanja wa ndege. Makato ya asilimia 15 ya mshahara yanapokoma kwa sababu umeacha kazi, deni linabaki, na wadhamini wako wanabaki nalo.

Je, kuna wakati uzamivu wa nyumbani kabla ya kuhama ni uamuzi bora? Upo, na ni mwingi kuliko wanavyodhani wanaoudharau.

Wa kwanza ni pale ambapo maabara iliyo bora zaidi duniani kwa swali lako iko hapa. Anayetafiti mbu waenezao malaria hapati mahali penye kina kama taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara. Anayetaka kuandika juu ya Kiswahili, iwe sarufi, ushairi au lahaja, akisomea uzamivu katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam atakuwa amezungukwa na wataalamu wengi kuliko katika mji wowote wa Ulaya, na idara za Leipzig, Bayreuth au London zitakazomwajiri baadaye zinalijua hilo. Kilifi, programu ya utafiti wa afya ya KEMRI na Wellcome iliyoanza mwaka 1989 imekuwa ikiwaandaa watafiti wanaoishi na kufanya kazi pwani ya Kenya huku baadhi yao wakisajiliwa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Na Uswidi kwa miongo kadhaa imefadhili uzamivu wa pande mbili na Dar es Salaam: miezi kadhaa huko kwa kozi na maabara, miezi kadhaa huku kwa data. Ukipata mpango wa namna hiyo usiuache kwa sababu ya haraka ya kupanda ndege.

Wa pili ni wa anayetaka kufundisha vyuo vikuu katika kanda yetu au Ghuba. Kenya, kupitia miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014, iliufanya uzamivu kuwa sharti la mhadhiri. Botswana, Namibia na Rwanda zimeajiri wahadhiri wengi kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Vyuo vya Oman na Saudi Arabia hupanga ngazi na mshahara kwa kufuata cheti na machapisho. Huko uzamivu wa Makerere au Sokoine unasomeka vizuri, mradi vyeti vimethibitishwa na wizara na ubalozi. Kwa Watanzania na Wakongo kuna njia nyingine ya karibu: itifaki ya elimu ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ya 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama wahesabiwe kama wenyeji katika ada, jambo linaloifanya Afrika Kusini kuwa ya kufikiriwa kabla ya Uingereza. Anayechagua Ghuba ajue kwamba anakwenda kwa mkataba, na mkataba ukiisha ukaazi nao unaisha. Ni kazi nzuri ya kujenga nyumba na kusomesha watoto, lakini haimfanyi mtu raia.

Wa tatu hauonekani kwa urahisi. Ufadhili wa Ulaya wa Marie Skłodowska-Curie kwa watafiti waliokwisha kupata uzamivu hauulizi uliupatia wapi. Unataka uwe hujapitisha miaka minane ya utafiti tangu kuupata, na uwe hujaishi nchi unayoiomba zaidi ya miezi 12 katika ile 36 ya karibuni. Mtu aliyekaa Morogoro au Eldoret muda wote anatimiza sharti hilo bila jasho. Lakini ushindani ni wa machapisho. Uzamivu wa nyumbani uliozaa makala tatu kwenye majarida yanayosomwa, na angalau moja aliyoandika pamoja na mtafiti wa nje, utampeleka. Tasnifu iliyobaki kwenye rafu ya maktaba haitampeleka popote, hata iwe nzuri vipi. Kwa hiyo anayeanza uzamivu nyumbani kwa nia ya kuondoka aupange kama makala tangu mwaka wa kwanza.

Historia yetu wenyewe haionyeshi mpangilio mmoja. Mwandishi wa Zanzibar Abdulrazak Gurnah alihama kwanza, akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na uzamivu wake wa Chuo Kikuu cha Kent ni wa 1982. Mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai alisoma Marekani, akafanya sehemu ya utafiti wake Ujerumani, na akapata uzamivu Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, akabaki. Mtafiti wa Kenya Calestous Juma alipata wake Sussex mwaka 1987, akarudi Nairobi na mwaka uliofuata akaanzisha kituo cha utafiti wa sera za teknolojia, na baada ya miaka mingi ndipo akaenda kufundisha Harvard. Mmoja alihama akasoma, mmoja akasoma huku na huko akabaki, mmoja akasoma nje, akarudi, akaondoka tena akiwa na kazi iliyokwisha kujulikana.

Kwa hiyo mwenye miaka 29 akija kesho kuniuliza, nitamwomba kwanza anitajie kazi tano zilizotangazwa mwezi huu katika nchi anayoitaka, zile ambazo angezifanya kwa furaha. Tutazisoma pamoja. Kama hakuna hata moja inayodai uzamivu, nitamshauri ajiandikishe mtihani wa lugha wiki hii, apeleke vyeti vyake kutathminiwa, na atumie miaka yake kuongeza uzoefu na leseni. Kama tatu kati ya hizo tano zinadai uzamivu, ajipe mwaka mmoja wa kutafuta nafasi yenye mshahara: aandikie watafiti kumi wanaotafiti kitu anachokifahamu, kwa barua kumi tofauti. Mwaka ukiisha bila jibu la maana, na swali la utafiti bado linamwita, hapo nitakuwa wa kwanza kusaini fomu yake ya kujisajili hapa, kwa sharti kwamba tumekubaliana makala ya kwanza ni ipi na nani wa nje ataisoma kabla hatujaituma.